Ruzuku ya mishahara kwa vikundi vya maigizo na ngoma vya mikoani: maana yake ni nini hasa?

Ukimwambia mtu kwamba serikali inatoa hela ya mishahara kwa kikundi cha maigizo huko mkoani, wa kwanza atakwambia "ahaa, kwa hiyo wale ni watumishi wa serikali", wa pili atasema "si ndo ile hela wanayopewa wakitaka kuandaa shoo", na wote wawili wamekosea ila kila mmoja amekosea kwa upande wake, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Ruzuku ya mshahara ni hela ambayo serikali inaipa kikundi, au inampa msanii mmoja mmoja kupitia kikundi, ili watu wake walipwe kila mwezi kwa kipindi fulani, mara nyingi mwaka mmoja, mwezi huo wawe na onesho au wasiwe nalo. Hayo maneno ya mwisho ndo yanayobeba dhana nzima. Ufadhili wa mradi unalipia mchezo mmoja, taa zake, maleba yake, usafiri wake, pazia likishuka kila mtu anarudi kwenye vibarua vyake na kikundi kinabaki jina tu kwenye cheti cha usajili. Ruzuku ya mshahara inalipia muda wa watu, yaani asubuhi za mazoezi, wiki za kufundishana hatua moja ya ngoma mpaka miili ya watu kumi iende kama mwili mmoja, na ile miezi mikavu ambayo hakuna anayekuja mlangoni.

Neno lenyewe ruzuku limetoka shina moja na riziki, na ukimwambia mtu Mungu amekuruzuku humaanishi amekuajiri, unamaanisha amekupa cha kukuwezesha kuishi. Mi naona Kiswahili hapa kimetusaidia kuliko lugha ya makaratasi ya wizara, manake sehemu kubwa ya hizi "ruzuku za mishahara" ukiziangalia kwa karibu ni riziki zaidi kuliko mshahara. Mshahara una mwajiri, una mkataba, una likizo, una mafao ya uzeeni, na ukifukuzwa una mahali pa kulalamika. Posho haina hayo yote. Sasa ruzuku inakaa katikati, inaingia kila mwezi kama mshahara lakini inaweza kukatika kama posho, na serikali inayoitoa inahakikisha kabisa kwenye masharti kwamba haijawa mwajiri wako. Mwajiri ni kikundi. Kama kikundi hakijakuandikia mkataba basi una hela tu, ajira huna, na hili watu wengi wanalijua siku wameumia goti jukwaani.

Kwa nini serikali ilipie watu na isilipie tu maonesho? Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kitu ambacho kila kiongozi wa kikundi anakijua mfukoni mwake hata kama hajawahi kukisoma. Kiwandani mashine zikiboreshwa mtu mmoja anatoa mali nyingi zaidi kwa saa ile ile, hivyo anaweza kuongezewa mshahara bila bei ya bidhaa kupanda sana. Jukwaani hamna hiyo kitu. Mchezo wa Shakespeare uliohitaji watu kumi na tano na masaa matatu enzi zake bado unataka watu kumi na tano na masaa matatu, huwezi kuwaambia waseme maneno haraka haraka ili muokoe muda, na huwezi kucheza ngoma ya watu kumi na wawili kwa watu wanne ukasema umeongeza ufanisi. Lakini mishahara huko nje inapanda, na huyu mcheza ngoma ananunua vitu soko lile lile na wa kiwandani. Kwa hiyo kila mwaka pengo kati ya kinachoingia mlangoni na gharama ya watu linapanuka lenyewe, hata kikundi kikiwa na nidhamu ya hela namna gani.

Mikoani pengo ni kubwa zaidi. Mwigizaji wa mji mkuu akikosa jukwaa anapata tangazo la redio, anapata kipande kwenye tamthilia ya tivii, anafundisha darasa jioni. Wa mkoani akikosa jukwaa amekosa, na watazamaji ni wale wale mia mbili ambao mchezo mpya wameshauona wiki ya kwanza. Matokeo yake mnamfundisha kijana miaka mitatu, akishaiva anapanda basi kwenda mji mkuu na nyie mnaanza upya na mwingine, kikundi kinageuka kituo cha mafunzo cha bure kwa ajili ya wengine. Ruzuku ya mishahara kwa mikoa, kwa asili yake, ni hela ya kumfanya huyo kijana asipande basi.

Mfano ulionyooka zaidi ni India. Wizara ya Utamaduni ya serikali kuu ina mpango ambao kwa muda mrefu uliitwa ruzuku ya repatori, na siku hizi unaenda kwa jina la guru na shishya, yaani mwalimu na mwanafunzi kwa ule utaratibu wa zamani wa kurithishana sanaa. Repatori ni kikundi chenye watu wale wale kwa muda mrefu na michezo kadhaa ghalani iliyo tayari, leo mnacheza huu kesho ule, tofauti na kukusanya watu kwa ajili ya mchezo mmoja alafu mnatawanyika. Kwa mwongozo wa miaka ya karibuni guru anapata rupia 15,000 kwa mwezi na shishya mtu mzima rupia 10,000, kikundi cha maigizo kinaweza kuwa na guru mmoja na mashishya mpaka 18, cha muziki au ngoma guru mmoja na mashishya mpaka 10. Piga hesabu ya kikundi cha maigizo kilichojaa: 15,000 jumlisha 180,000 ni rupia 195,000 kwa mwezi, yaani 2,340,000 kwa mwaka, na hapo hujanunua hata kopo moja la rangi ya uso. Ukumbi, umeme, maleba na gari vinatafutiwa kwingine.

Alafu angalia jambo moja kwenye huo mpango linalochekesha kidogo, shishya anaweza kuwa mtoto mdogo hata wa miaka mitatu na ana kiwango chake cha chini, kinachopanda umri ukipanda. Mtoto wa miaka mitatu hapokei mshahara, jamani. Kwa hiyo jina ni mishahara, mwili wake ni posho ya uanagenzi, na mi sioni ubaya kwa sababu sanaa nyingi za huko hata zamani zilipita kwa mtoto kukaa miguuni pa mwalimu, ila ukienda kudai haki za mfanyakazi kwa karatasi hiyo utapata shida.

Ukitaka kuona kwa nini huko wanathamini watu kukaa pamoja muda mrefu, angalia vikundi vyenyewe. Ninasam ilianza 1949 kijijini Heggodu, jimbo la Karnataka, kijijini kweli, na tangu 1985 ina kikundi cha kuzunguka kinachopeleka michezo miji na vijiji vya jimbo zima. Habib Tanvir alianzisha Naya Theatre 1959 akafanya kazi miongo kwa miongo na wasanii wa asili wa Chhattisgarh, watu wa vijijini wanaoigiza kwa lugha yao. Ratan Thiyam alianzisha Chorus Repertory Theatre mjini Imphal, Manipur, 1976, na waigizaji wake wanacheza kwa miili iliyonolewa kwa miaka. Kazi ya namna hiyo huwezi kuiandaa kwa wiki sita za mradi hata ukipewa hela mara mbili.

Marekani nao walishajaribu, na kwa ukubwa wa ajabu. Mwaka 1935 katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi serikali ya shirikisho ilianzisha mradi wa taifa wa maigizo chini ya Hallie Flanagan, sehemu kubwa kabisa ya hela ikielekezwa kwenye mishahara na wengi wa walioajiriwa wakitoka kwenye orodha za waliokuwa wanapokea msaada wa serikali. Lengo la kwanza lilikuwa ajira, sanaa ilikuja nyuma yake, na bado ikatoka sanaa: 1936 kitengo cha wasanii Weusi cha New York kilicheza Macbeth huko Harlem chini ya Orson Welles aliyekuwa na miaka ishirini tu, na watu walijaa. Wacheza dansi nao walikuwa na upande wao. Sasa mwisho wake: wanasiasa wakaanza kuuliza hawa wanaolipwa na kodi wanacheza nini, Flanagan akaitwa mbele ya kamati ya bunge, na mbunge mmoja akamuuliza kama Christopher Marlowe, mwandishi wa michezo wa Uingereza wa enzi za Shakespeare, ni mkomunisti. Marlowe alikufa 1593. Watu walicheka lakini hela ilikatwa, tarehe 30 Juni 1939 mradi ukafungwa, na maelfu ya watu mishahara ikakoma siku moja.

Hilo ndo tatizo la kwanza la kulipwa watu badala ya kulipwa mradi. Mradi ukikatwa mnakosa mchezo mmoja, mishahara ikikatwa kikundi kinakufa, hivyo anayetoa ana mkono mrefu sana hata asipousema. Ujerumani wamelipunguza hili kwa kuifanya ajira kamili. Wana karibu majumba 140 ya maigizo ya umma, yanayobebwa na miji na majimbo, mengine kazi yake ni kuzunguka miji isiyo na jumba lake, na msanii anaajiriwa na jumba. Lakini hata huko mkataba wa msanii kwa kawaida ni wa mwaka, unajirefusha wenyewe mpaka mwajiri atoe taarifa kwamba haendelei na wewe, na ulinzi wa kweli unakuja ukishapita miaka 15 mahali pamoja. Unakuta mtu ana miaka 14 jumbani na halali usingizi vizuri.

Kuna dhana mbili jirani ambazo watu huzichanganya na hii. Ufaransa mcheza dansi au mwigizaji akifikisha masaa 507 ya kazi ndani ya miezi 12 anapata haki ya mafao ya kukosa kazi kati ya kazi moja na nyingine. Ile ni bima, haipiti kwa kikundi, inamfuata yeye. Ireland ilianza 2022 kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki, waliopatikana kwa kura ya bahati kati ya walioomba na kutimiza vigezo, na hayo yalikuwa majaribio ya kipato cha msingi, hawakudaiwa onesho wala ripoti ya mazoezi. Tofauti na ruzuku ya mishahara ni kwamba kwenye ruzuku kuna kiongozi wa kikundi katikati, na hapo katikati ndo mambo mengi hutokea.

Manake kiongozi ndiye anayepeleka orodha ya majina. Kikundi cha watu kumi kinaandika kumi na nane, wale wanane ni binamu na majirani wasiojua hata mlango wa ukumbi uko wapi, wasanii hewa. Au majina ni ya kweli ila hela ikiingia kila mmoja anarudisha kidogo kwa mkubwa, na anarudisha kimya kimya kwa sababu mkubwa ndiye ataandika orodha ya mwaka ujao. Ndo sababu serikali zinahamia kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila msanii, na kutuma watu kuja kuangalia mazoezi kwa macho. Inasaidia kwa hewa, kwa cha juu haisaidii sana, kwa sababu hela ikishatoka benki mkono unajua njia.

Ucheleweshaji nao ni sehemu ya dhana hata kama haumo kwenye maelezo. Hela ya mwaka huu inaweza kuja mwaka ujao kwa mkupuo, baada ya kupigwa kalenda miezi kadhaa, na mshahara unaokuja kwa mkupuo baada ya mwaka unafanya kazi ya kulipa madeni tu. Kikundi chenye akiba kinavumilia, kichanga kinasambaratika kikiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Nikiwashauri watu huwa nawaambia barua ile isiwafanye waache vibarua mpaka waone mwezi wa pili umeingia.

Na ukishika fomu, kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili kabla ya kujaza chochote: hela inafuata mtu au inafuata nafasi? Kama inafuata nafasi, mcheza ngoma akiondoka mwezi wa nne mnaingiza mwingine na hela inaendelea. Kama inafuata jina lililoandikwa, akiondoka nafasi inakufa mpaka mwaka uishe, na hapo mnaweza kujikuta mnambembeleza abaki mtu ambaye moyo wake ulishahama zamani, kisa jina lake liko kwenye orodha, na yeye analijua hilo vizuri kuliko nyie.