Kubadilisha matumizi ya ardhi ni nini, na lile bango kwenye ua wa jirani linakuhusu vipi

Kiamunyi, viungani mwa Nakuru nchini Kenya, mahindi na maghorofa yamepakana ua kwa ua. Kwenye ua mmojawapo utakuta kibango kimefungwa kwa waya, maandishi madogo, kimeanza kufunikwa na kei apple, ule mti wa miba wa kuzungushia ua: nambari ya ploti, kisha maneno kwamba mwenyewe anaomba kubadilisha matumizi kutoka makazi hadi biashara. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku 14. Watu wanapita wakidhani ploti inauzwa.

Haiuzwi. Hati miliki inasema ardhi ni ya nani. Hairuhusu kila kitu kufanyika juu yake. Mjini, kila ploti ina kazi iliyopangiwa: makazi, biashara, viwanda, kilimo, huduma za umma. Ukitaka kuitoa kwenye kazi moja na kuitia kwenye nyingine, mathalani shamba ligeuke ploti za nyumba au nyumba igeuke baa, huko ndiko kubadilisha matumizi, na lazima uombe kibali cha kaunti. Ukibaki na nyumba yako na kuongeza duka mbele, hilo ni ombi jingine, la kuongeza matumizi. Kukata shamba vipande vya futi hamsini kwa mia nalo lina ombi lake, la ugawaji. (Hamsini kwa mia tunaiita nusu ya robo eka, ingawa ukipiga hesabu ya futi inapungua kidogo. Madalali hawapendi hesabu hiyo.)

Katiba ya 2010 iliweka mipango ya ardhi mikononi mwa kaunti, na utaratibu wenyewe umo katika sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Mwenye ploti humtafuta mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, ambaye huandika ripoti kueleza kwa nini badiliko linafaa mahali hapo. Umma hutangaziwa, na idara kama barabara na afya hutoa maoni. Anayeamua ni waziri wa kaunti anayehusika na ardhi. Anaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti.

Hapo pana uvumi mwingi. Utasikia "MCA ameshapitisha", yaani mwakilishi wa wadi, au "chifu anajua". Hao hawatoi kibali hiki. Hata bodi ya ardhi, ile ya kuidhinisha uuzaji na ugawaji wa mashamba, si mahali pake.

Kipengele ninachoona wengi hawakijui ni hiki: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kuwa amepewa kibali. Kilikusudiwa kumkinga mwananchi dhidi ya faili linalolala mezani, na kwa hilo ni kizuri. Lakini kwa jirani aliyekaa kitako akiamini kaunti haiwezi kukubali jambo kama hilo, ukimya wa ofisi unamfungia mlango. Ndiyo maana zile siku 14 za bango si za kuchezea.

Pingamizi lenye uzito ni lile linalotaja kitu kinachopimika. "Hatutaki baa hapa" ni hasira tu. Andika kwamba barabara ya mtaa ni nyembamba na magari ya wateja yataziba njia, kwamba mtaa hauna bomba la majitaka na shimo la choo litakuwa hatua chache kutoka kisima chako, kwamba shule iko ng'ambo ya barabara. Taja nambari ya ploti kama ilivyo kwenye bango.

Uamuzi usipokuridhisha, wewe jirani au yeye mwombaji mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na kutoka hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayeanza ujenzi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au yote mawili. Na kibali cha matumizi hakimalizi kila kitu: ramani ya jengo bado itaidhinishwa kivyake.

Ukienda kupeleka barua ya pingamizi, beba nakala mbili. Moja iache ofisini, ya pili ipigwe muhuri wa tarehe mbele yako, urudi nayo nyumbani. Na kabla ya kuondoka mtaani, lipige picha lile bango, kwa maana mvua ya Nakuru na mbuzi wa majirani hawasubiri siku 14.