Samaki Hana Sonona, na Hatujawahi Kusema Anayo

Kwa mara nyingine, msomi wa kuheshimika ameniuliza nawezaje kuchunguza maradhi ya akili kwa kiumbe ambaye kumbukumbu yake hudumu sekunde tatu. Sekunde hizo sijui zilihesabiwa na nani. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba dume wa Astatotilapia burtoni, samaki wa Ziwa Tanganyika, akishatazama wenzake wakipigana wawili wawili, huweza kukisia yupi mnyonge hata kati ya wawili ambao hajawaona wakikutana. Hilo tuliache.

Kinachonikera zaidi ni kosa la upande wa pili, la wanaotangaza kwamba maabara imepata "samaki mwenye sonona". Samaki huyo hayupo. Tunachofanya ni kumtia samaki pundamilia, samaki mdogo mwenye michirizi, katika tangi asilolijua na kumrekodi, kwa kawaida dakika sita. Huanza kwa kuzama chini kabisa, akiganda au akikurupuka huku na huku, kisha hupanda kidogo kidogo. Aliyekwisha kukaa siku kadhaa katika maji yenye fluoksetini, dawa ile ile wanayoandikiwa wagonjwa wa sonona, hukawia chini kwa muda mfupi zaidi. Tunapima mwenendo mmoja tu, ambao serotonini, kemikali ya ubongo inayoguswa na dawa hiyo, ina mkono ndani yake, katika mnyama ambaye homoni yake kuu ya msongo ni kortisoli kama yetu, wakati ya panya ni kortikosteroni. Na ndiyo, takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina jeni ndugu kwake. Hilo halimfanyi kuwa mtu kwa asilimia 70.

Hata hivyo, kukaa chini, ambako tunakusoma kama wasiwasi, hakuna maana moja. Niliwahi kushangilia kundi zima "lenye wasiwasi" kwa wiki nzima kabla ya kugundua kwamba kipasha joto cha tangi kilikuwa kimezimika, na samaki waliozoea nyuzijoto 28 walikuwa wamepigwa na baridi. Tena samaki hana gamba la ubongo lenye tabaka kama letu, na sehemu ipi ya ubongo wake inalingana na amigdala yetu, sehemu inayohusika na hofu, bado tunabishana. Sauti anazozisikia mgonjwa wa skizofrenia sitazipata kamwe ndani ya tangi.

Siku hizi, kabla ya jaribio, naandika joto la maji na jina la aliyeshika wavu, kwa kuwa nashuku kwamba hata mkono wa mvuaji hubadili dakika ambayo samaki atapanda.