Je, wajua kitu kisicho na miguu hupangiwaje njia ya kufika Kilimanjaro?

Tuseme kuna mtu Hamburg, Ujerumani, ana mdoli mdogo wa twiga aliyefungwa kibati cha chuma shingoni. Anataka twiga huyo afike Mlima Kilimanjaro. Hamtumi kwa posta wala hambebi mwenyewe. Anamwacha ndani ya kasha lililofichwa msituni, halafu watu asiowajua wamchukue, huyu amkabidhi yule, mpaka afike. Ukisikia hivyo utasema huyo mdoli keshapotea. Mara nyingi hupotea kweli. Lakini wapo wanaofika, na wanaofika kwa kawaida wana mwenyewe aliyekaa chini akafikiri.

Kwanza mchezo wenyewe. Unaitwa jiokeshi (geocaching), yaani kutafuta kwa GPS, mfumo wa setilaiti unaoonesha mahali ulipo, makasha yaliyofichwa na wengine, na ulizaliwa Mei 2000. Hadi wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga makusudi GPS ya raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukukosesha mahali kwa hadi mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei ukakoma. Siku iliyofuata, tarehe 3, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaitangaza kwenye intaneti kwa namba za latitudo na longitudo tu. Ndani mlikuwa na vitabu, manati, hata kopo la maharage. Sharti lilikuwa dogo: chukua kitu, acha kitu, andika jina lako daftarini.

Mwaka 2001 kikaja kibati kinachoitwa Travel Bug. Hiki si cha kuchukua ukakimiliki. Ukikikuta ndani ya kasha, unakibeba ukakiache kwenye kasha jingine. Kimegongwa namba ya siri ambayo anaiona aliyekishika tu, na kwa namba hiyo unaandika kwenye tovuti kwamba umekitoa hapa na kukiweka pale. Tovuti inachora mstari kati ya vituo hivyo viwili na kujumlisha kilomita. Vibati huuzwa viwili viwili vyenye namba ileile. Kimoja kinasafiri, cha pili kinabaki nyumbani kwa mwenyewe, maana safari hizi hazina dhamana.

Hapo kwenye mstari ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ramani ile haioneshi kitu kilikopita, inaonesha kilikoandikwa. Mtu akimtoa twiga Amsterdam, akasafiri naye hadi Nairobi kikazi, akarudi bila kuandika chochote, kisha akamweka kwenye kasha la Utrecht, mdoli atakuwa ametembea zaidi ya kilomita 13,000. Kwenye tovuti atasomeka kilomita kama 35. Ndiyo maana kuna namna ya kuandika kwamba kibati "kimetembelea" mahali bila kuachwa pale. Mbebaji anayeijua njia hiyo ana faida kuliko mbebaji mwenye moyo mzuri asiyegusa simu yake.

Sasa, njia inapangwaje? Jibu la haraka la anayeanza ni kufungua ramani na kuvuta mstari kutoka Hamburg kushuka kusini: Munich, Austria, Italia, halafu Afrika. Kwa macho ni sawa kabisa. Kwa mdoli asiye na miguu ni balaa, kwa sababu mstari huo unamfikisha ncha ya Italia na kumwacha anatazama bahari. Wenyeji wa huko wanaokwenda kutafuta makasha mwisho wa wiki hawaendi Afrika; wanamzungusha vijiji vilevile.

Mwaka 2006 wanasayansi Brockmann, Hufnagel na Geisel walichapisha kwenye jarida la Nature uchambuzi wa noti 464,670 za dola, ambazo wananchi wa Marekani walikuwa wakiziandika kwenye tovuti iitwayo Where's George kila walipozikuta. Noti nyingi zilikuwa zikizunguka karibu na zilipoanzia, na chache ziliruka mamia ya kilomita kwa mpigo mmoja. Noti na kibati vinafanana kwa jambo hili moja: vyote viko mfukoni mwa mtu mwenye safari yake. Hatua fupi zitakuwa nyingi upende usipende. Kinachoamua ni ile ruka moja ndefu.

Kwa hiyo mtu wa Hamburg anayejua mambo atampeleka twiga magharibi, zaidi ya kilomita 350, hadi Amsterdam. Uwanja wa ndege wa huko, Schiphol, ndiko KLM, shirika la ndege la Uholanzi, imekuwa ikirusha kwa miaka mingi ndege ya moja kwa moja hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulio baina ya Arusha na Moshi, na ndani ya ndege ile kuna watu wenye viatu vya kupandia mlima. Karibu na viwanja vikubwa vya ndege na kando ya barabara kuu kuna makasha makubwa yaliyowekwa maalumu kwa ajili ya vibati, ambayo wachezaji wanayaita hoteli za Travel Bug. Mdoli anaomba lifti. Basi asimame panapopita magari.

Mfano uliokithiri wa ruka moja ni ule wa Richard Garriott, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, aliyebeba Travel Bug mpaka Kituo cha Anga cha Kimataifa, Oktoba 2008. Baadaye NASA iliweka namba ya mchezo huu kwenye kifaa kimoja cha roboti Perseverance, iliyotua Mars tarehe 18 Februari 2021. Hakuna aliyehangaika na vituo vya katikati. Alitafutwa anayekwenda, basi.

Baada ya pa kuanzia, kuna kadi. Nionavyo mimi, hapa ndipo wenye vibati wengi wanapoharibu. Wanaandika lengo zuri kwenye ukurasa wa tovuti na kusahau kwamba aliyepiga magoti chini ya mti, mvua inanyesha, hatafungua ukurasa. Anasoma kilichoning'inia. Kadi ndogo iliyofunikwa plastiki inatosha: "Naenda Kilimanjaro. Kama huendi, niache karibu na uwanja wa ndege wenye safari za Afrika Mashariki." Sentensi ile ya pili ndiyo inayofanya kazi. Lengo lisilo na chaguo la pili humfanya asiyeweza kusaidia amrudishe mdoli alipokuwa, au mbaya zaidi, ampeleke nyumbani "mpaka nipate nafasi". Adabu ya mchezo ni kukaa naye kama wiki mbili hivi. Kuna droo Ulaya zenye wasafiri wa miaka.

Umbo nalo lina neno. Makasha mengi hayazidi kikopo cha filamu za kamera za zamani, na twiga wa sentimita 20 hayaingii. Akiwa mzuri sana, mtoto wa mtu ataondoka naye akidhani ni zawadi, wala hana kosa. Msafiri anayedumu ni mdogo na si wa kutamanisha: ufunguo mbovu, kipande cha mbao.

Tatizo gumu zaidi liko mwisho wa safari. Kutua KIA si kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, na ndani ya hifadhi ya taifa huachi kasha unavyotaka. Pa aina hiyo kuna makasha ya ardhi, yaliyoanza 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani. Hayana sanduku. Unafika, unatazama mwamba au barafu, unajibu maswali. Hakuna pa kumwachia mdoli, ila anaweza kupigwa picha na kuandikwa kuwa ametembelea, kisha akashuka na aliyempandisha. Picha isioneshe namba ya siri, vinginevyo watu waliokaa makwao watajiandika kuwa wamemwona.

Na mpandaji huyo, wiki ijayo, anarudi Ulaya na begi lake. Mwenye twiga akitaka abaki huku aendelee kuelekea Mombasa, Kigali au popote, kadi iseme hivyo tangu Hamburg, na imtaje mtu wa kukabidhiwa: mchezaji yeyote anayeishi Afrika Mashariki.