Taa Kuwaka Si Ushahidi: Dhana Potofu Wakati wa Kumchagua Fundi Umeme

Mwenye nyumba wa Nyanda za Juu Kusini, awe anajenga Uyole, Tukuyu, Mafinga au Kihesa, hukagua msingi, huchagua tofali za kuchoma moja moja na hubishana na fundi bati kuhusu kila msumari. Zamu ya umeme ikifika, huuliza swali moja tu: je, taa zinawaka?

Dhana kwamba taa zikiwaka kazi imekamilika ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Ukweli ni kwamba taa huwaka hata kama nyumba haina waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Huwaka pia pale swichi ilipofungwa kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta), na hapo taa huzimika kama kawaida huku holda ikibaki na umeme unaomsubiri yule atakayepanda kigoda kubadilisha balbu. Kazi hukamilika baada ya vipimo: kama ethi imeunganishwa hadi kwenye kila soketi, kama waya wa moto uko mahali pake, na kama nyaya hazivujishi umeme zinapopimwa kwa volti 500. Fundi asiyekuja na kifaa chochote cha kupimia zaidi ya bisibisi ya testa hawezi kukujibu maswali hayo, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Wengi pia huamini kwamba sakiti breka humlinda mtu asipigwe na umeme. Breka hulinda waya usiungue. Mkondo wa makumi machache tu ya miliampia (miliampia ni sehemu ya elfu ya ampia) hutosha kumdhuru binadamu, ilhali breka ya ampia 20 itaupuuza kabisa. Anayemlinda mtu ni kifaa kinachojulikana kwa herufi RCD, ambacho kwa matumizi ya nyumbani hukata umeme unapovuja kiasi kisichozidi miliampia 30, nacho kina kitufe cha kukijaribu ambacho mwenye nyumba anaweza kukibonyeza mwenyewe.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya baridi. Juni na Julai hakuna anayetaka kuoga maji ya bomba yalivyo, hivyo hita ya bafuni imekuwa kitu cha kawaida. Hita ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 22. Inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa breka, kwa waya wa milimita za mraba 4 au zaidi kulingana na umbali. Ikiunganishwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, breka itakatika kila mara. Kisha atatokea fundi mwepesi wa mkono atakayeweka breka kubwa zaidi, na wote watashukuru kwamba tatizo limekwisha. Limehamia ndani ya ukuta, kwa maana sasa waya utachemka na breka haitasema neno.

Kuhusu sifa za fundi, cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huthibitisha kwamba mtu amesoma, nalo ni jambo la heshima; lakini ruhusa ya kufunga umeme hutokana na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji; leseni hiyo hutolewa kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka yake. Omba kuiona, kisha usome jina, daraja na tarehe ya kuisha. Jihadhari na kazi ambayo mmoja ametandaza nyaya na mwingine anakuja kugonga mhuri tu kwenye fomu za TANESCO, shirika la umeme, kwa kuwa mwenye mhuri huo hajui kilichofukiwa ukutani.

Wapo wanaodhani kwamba hitilafu yoyote ni ya TANESCO. Nyaya za ndani, kuanzia upande wa nyumba wa mita, ni mali na wajibu wa mwenye nyumba.

Na bei? Mafundi wengi hutoza kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi, na anayetaja bei ya chini si lazima awe tapeli. Tofauti kubwa mara nyingi imo kwenye vifaa. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Ukizikwangua kwa kisu weupe hujitokeza, nazo hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu yenye unene uleule. Kwa hiyo orodha ya vifaa iandikwe kwa ukubwa na aina kabla hujaenda madukani Mwanjelwa, Mbeya, kuta zipigwe picha kabla ya lipu, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako hadi vipimo vifanyike ukiwapo na kuandikwa kwenye karatasi yenye sahihi ya fundi.