Jaji mwenye kifua

Kesi ilikuwa ya mikarafuu kumi na miwili, Chake Chake, miaka mingi nyuma. Shahidi wangu alikuwa mzee aliyekwisha kupita sabini, na mie nilikuwa wakili mbichi mwenye haraka. Nilimuuliza swali la ndiyo au siyo: uliwaona wakiandikiana hati ya mikarafuu? Mzee akaanzia mbali, kwenye msimu ambao karafuu zilizaa mpaka matawi yakavunjika, akapitia harusi ya mpwawe, akaingia kwenye ugonjwa wa ng'ombe wake. Wakili wa upande wa pili akacheka. Mie nikainuka nimkatize. Jaji, ambaye enzi hizo aliandika ushahidi wote kwa mkono, akaweka kalamu, akavua miwani, akanionyesha kwa kidole nikae. Zilipita kama dakika kumi. Kisha akauliza swali moja tu: "Mzee wangu, huyo ng'ombe ulimfunga kwenye mti upi?" Mzee akautaja, na ni mmoja wa ile mikarafuu iliyokuwa ikigombaniwa. Siku ya kuandikiana alikuwa chini yake, anamkanda ng'ombe. Kesi ikageuka pale pale.

Mawakili tunapokaa kusubiri kuitwa hatusifu jaji kwa usomi. Usomi ni kama kanzu siku ya Ijumaa, kila mtu anategemewa awe nayo. Tunasema huyu ana kifua, yule hana. Mtaani mtu wa kifua ni anayeweza kuweka siri. Kwetu maana imeongezeka: ni jaji anayeweza kusikia jambo la kuudhi, la kipumbavu au la kumdharau yeye mwenyewe, likakaa ndani bila kutokea kwenye uso, wala kwenye hukumu. Nimewahi kusimama mbele ya hakimu asiye nacho. Alimfokea mama mmoja kwa sababu simu yake ililia, na toka hapo kila jibu la yule mama liliandikwa nusu. Rufaa tulishinda, lakini mwaka na ushei ulikuwa umeshakwenda.

Hili si jambo jipya kwetu. Aliyesoma chuo cha Kurani anaijua hadithi ya Mtume iliyomo ndani ya vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuhukumu asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika. Wanazuoni wakaipanua: njaa kali, kiu, usingizi, hata haja ndogo iliyombana kadhi, vyote vinaingia humo kwa sababu vinaivuruga akili vilevile. Ninachokipenda ni kwamba hadithi haikukataza kughadhibika. Imekataza kuhukumu ndani ya ghadhabu. Kadhi ni binadamu. Ainuke, akatawadhe, arudi.

Sasa ipeleke sifa hiyo juu kabisa. Rufaa zetu za Unguja na Pemba huishia Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa 1979 baada ya ile ya Afrika Mashariki kufa pamoja na Jumuiya. Yasiyofika huko ni mambo machache tu, kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Hakimu wa wilaya akikasirika, yuko wa kumrekebisha. Jaji wa Rufani akikasirika, utaomba mapitio mbele ya mahakama hiyo hiyo, na mlango wa mapitio ni mwembamba. Ndiyo maana wanakaa watatu. Watu hudhani watatu ni kwa ajili ya wingi wa elimu. Mie naona ni kwa ajili ya vifua: mmoja akipandwa, wawili wamtulize.

Lakini ukiisoma Katiba ya Muungano utaona sifa za kupimika: shahada, uzoefu, miaka. Rais huteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Kifua hakimo kwenye orodha, na sijui kingeandikwaje.

Wamarekani wamejaribu. Chama chao cha mawakili, American Bar Association, humpima mteule kwa mambo matatu: uadilifu, umahiri na hulka ya kijaji. Mwaka 2018 Brett Kavanaugh, mteule wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikuwa na alama ya juu kabisa kutoka kwao. Tarehe 27 Septemba akajitetea mbele ya Seneti dhidi ya tuhuma nzito alizozikana, kwa sauti ya juu na maneno makali kwa maseneta. Wahadhiri wa sheria zaidi ya 2,400 wakatia saini kwamba hulka ile haifai kiti kile. Mwenyewe aliandika gazetini kuwa huenda alizidisha hisia. Chama kikasema kitampima upya. Siku ya pili yake Seneti ikampitisha kwa kura 50 kwa 48. Mie kwa hilo bado nina pande mbili. Mtu anayejitetea hayuko kwenye kiti cha hukumu, na hadithi niliyoitaja haimgusi moja kwa moja. Ila aliyeapa kusikiliza wote sawa, akishataja nani ni adui zake, siku hao wakija na kesi watakaaje mbele yake?

Kenya ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nancy Baraza alihojiwa hadharani 2011, akapita, akawa Naibu Jaji Mkuu na mjumbe wa Mahakama ya Juu. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo, kwenye maduka ya Village Market jijini Nairobi, akagombana na mlinzi aliyetaka kumpekua kama anavyopekuliwa kila anayeingia. Bodi iliyoundwa kumchunguza iliongozwa na mtu wetu, Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, brigedia wa jeshi, Jaji Mkuu wa Zanzibar kisha wa Tanzania, ambaye baadaye akawa kasisi wa Kianglikana. Agosti 2012 bodi ikapendekeza Baraza aondolewe. Oktoba akajiuzulu mwenyewe. Mahojiano marefu mbele ya kamera hayakuona kile alichokiona mlinzi mlangoni kwa dakika chache.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye nashauri uteuzi wa jaji, hukumu zake ningezisoma jioni, asubuhi ningekwenda kwa makarani. Enzi za Mahakama Kuu ya Vuga, mjini Unguja, alikuwapo karani mmoja aliyezijua hali za majaji kwa mlango wa gari. Ukifungwa polepole, anatuambia endeleeni. Ukibamizwa, anapita kwenye benchi letu na mafaili kifuani, hatutazami, ananong'ona: "Leo ombeni ahirisho." Alikuwapo jaji mmoja ambaye kwa miaka yote niliyofanya kazi mbele yake karani hakuwahi kutunong'oneza kitu. Ndiye yule wa ng'ombe.