Mpiga dramu si msindikizaji: tunayoyakosea kuhusu watu wa roki

Wanamuziki wa roki wana utani wao wa zamani: mpiga dramu ni yule mtu anayependa kuandamana na wanamuziki. Hata kwetu mambo si tofauti sana. Mpenzi wa dansi atakutajia mwimbaji na mcharaza solo wa kila bendi aliyowahi kuifuata ukumbini, ila muulize nani alikaa kwenye dramu, ataanza kukuna kichwa. Kwa mazoea hayo dhana nyingi zimeota mizizi, na baadhi zimewanyima watu haki yao.

"John Lennon alisema Ringo hakuwa hata mpiga dramu bora ndani ya Beatles"

Hakusema. Hakuna mahojiano ya Lennon yenye maneno hayo. Mzaha huo ulitoka kwenye kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC mwaka 1981, wakati Lennon ameshauawa tangu Desemba 1980. Mwaka 1983 mchekeshaji Jasper Carrott akautoa kwenye televisheni, na tangu hapo marehemu anabebeshwa maneno ya watu wengine.

Ringo Starr alianza kugonga vitu akiwa kijana aliyelazwa kwa kifua kikuu. Anatumia mkono wa kushoto, lakini amekaa maisha yake yote kwenye dramu zilizopangwa kwa mtu wa kulia. Hapo ndipo ulipo utamu wake. Mtu wa kulia akitoka kwenye snea, dramu ndogo iliyo mbele yake, kwenda tomu kubwa iliyo kulia kwake, mkono wake wa kuume unaongoza na njia ni nyeupe. Ringo anaongozwa na wa kushoto, hivyo mikono inapishana kwa shida njiani. Anaacha pengo dogo, anaingia kwa kuchelewa kidogo, na mzunguko unatoka na umbo ambalo wengi wenye kasi kuliko yeye hawawezi kuliiga. Wenzake walilijua hilo. Agosti 1968 alisusa akaondoka kwa takriban wiki mbili, ikabidi Paul McCartney ashike vijiti katika baadhi ya nyimbo. Aliporudi studio alikuta dramu zake zimepambwa maua. Sijui kama kuna bendi inayompambia maua mtu inayemwona mzigo.

"Yeye anapiga tu, hatungi"

Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, aliingia studio Seattle Oktoba 1994, miezi michache baada ya bendi hiyo kumalizika, akarekodi albamu nzima kwa muda wa wiki moja hivi: sauti, magitaa, besi na dramu, vyote yeye, isipokuwa kipande kimoja cha gitaa. Akaipa jina la Foo Fighters ili watu wadhani ni bendi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Bill Berry wa R.E.M., bendi iliyoanzia mji wa chuo wa Athens, Georgia, na kukulia kwenye lebo huru, yaani kampuni ya kurekodi isiyo chini ya makampuni makubwa. Wimbo wao wa mwaka 1992, "Everybody Hurts", kwa sehemu kubwa ni utunzi wa Berry, halafu mapigo mengi unayoyasikia humo ni ya mashine! Nyimbo zao walikuwa wakiziandikisha kwa majina yote manne, bila kujali nani kaleta nini. Machi 1995 mshipa wa damu kichwani ulimpasukia jukwaani Lausanne, Uswisi. Alipona, na mwaka 1997 akaacha bendi kwenda kulima nyasi za mifugo Georgia. Mpiga dramu aliyeweza kuondoka kwa hiari na kula jasho la nyimbo zake: jina lake lilikuwa kwenye karatasi.

"Aliyepiga mdundo maarufu lazima awe tajiri"

Hapa ndipo penye uchungu, ingawa mifano mikubwa inatoka kwenye soul na funk. Novemba 1969 Clyde Stubblefield alirekodi "Funky Drummer" na James Brown mjini Cincinnati. Katikati ya wimbo Brown anaamuru wenzake wanyamaze, dramu inabaki peke yake kwa sekunde chache. Miaka ya 80 watayarishaji wa hip hop walikikata kipande hicho wakakirudiarudia katika nyimbo zisizohesabika. Stubblefield alilipwa ujira wa siku ya kurekodi, basi. Aliishi Madison, Wisconsin, akipiga vilabuni Jumatatu usiku. Alipougua saratani mwaka 2000, Prince alimlipia kimyakimya takriban dola 90,000 za matibabu. Alifariki Februari 2017.

Mwaka huohuo wa 1969 Gregory Coleman wa The Winstons alipiga sekunde sita hivi ambazo baadaye zilizaa mitindo mizima ya muziki wa kielektroniki wa kuchezea Uingereza. Alifariki Atlanta mwaka 2006, fukara.

Wizi wa mtu mmoja hautoshi kueleza hali hii. Kwa kawaida haki ya utunzi inafuata melodia na maneno. Haki ya rekodi inakwenda kwa lebo au mwenye bendi. Pigo la dramu linaangukia katikati, halina mwenyewe. Tena Marekani redio za kawaida za AM na FM humlipa mtunzi peke yake. Aliyepiga hapati hata senti wimbo ukichezwa hewani mara elfu. Kwa hiyo mazungumzo ya nani anaandikwa mtunzi hufanywa kabla ya kurekodi; baadaye ni kugombana tu.

"Kujitegemea ni kukataliwa na lebo kubwa"

Mwaka 1980 vijana wanne wa Washington, The Teen Idles, walikuwa wamevunja bendi. Sandukuni walikuwa na dola mia sita hivi, mapato ya maonyesho yao yote. Badala ya kugawana walizichapia santuri ndogo ya nyimbo nane, nakala 1,000. Hawakujua jalada linatengenezwaje, wakachukua la santuri ya Uingereza, wakalifumua gundi, wakachora umbo lake, kisha wakakata, wakakunja na kubandika kwa mkono, moja baada ya jingine. Ndivyo lebo ya Dischord ilivyozaliwa, na mmoja wa waanzilishi wake, Jeff Nelson, ni mpiga dramu. Fugazi, bendi kubwa ya lebo hiyo, iliizunguka dunia kwa tiketi za dola tano hivi na ikakataa lebo kubwa zilizoitaka.

Ukipewa fedha za kutangulizwa na lebo kubwa, zile ni deni. Studio, video na safari vinakatwa humohumo kabla hujaona mrabaha. Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Chicago, aliliandika hilo kwa mahesabu mwaka 1993. Mwaka huohuo aliirekodi Nirvana, akakataa asilimia ya mauzo, akachukua dola 100,000 za kazi: alitaka alipwe kama fundi bomba.

"Mwenye kazi ya mchana si msanii kamili"

Moe Tucker wa Velvet Underground alipiga akiwa amesimama, dramu kubwa imelazwa, matoazi karibu hayapo, kwa sababu alipenda upigaji wa mpiga ngoma Mnigeria, Babatunde Olatunji. Mwaka 1981 alitoa albamu aliyoirekodi nyumbani, vyombo vyote akipiga mwenyewe, kwenye lebo yake. Miaka ya 80 hiyohiyo alikuwa mfanyakazi wa Walmart.

Na anayedhani kukaa kwenye kigoda ni kupumzika: watafiti wa Uingereza walimpima Clem Burke wa Blondie jukwaani, mapigo ya moyo yakawa wastani wa 140 hadi 150 kwa dakika, yakipanda hadi 190.

"Bendi ikisimama, kazi imekwisha"

Fugazi imesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpiga dramu wake, Brendan Canty, alihamia kutunga muziki wa filamu na televisheni, kisha akaunda The Messthetics na mpiga besi wa bendi ileile. Mwaka 2024 walitoa albamu na mpulizaji saksafoni James Brandon Lewis kwenye lebo ya Impulse!, ileile aliyorekodia gwiji wa jazi John Coltrane.