Korongo wa Mwaloni kwenye viatu vya magurudumu: dhana potofu na ukweli wake

Ukishuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, dagaa wakiwa wanapakiwa, utawakuta korongo mfukoshingo wamesimama pembeni kama wazee wa baraza wanaosubiri kesi ianze. Kwa mchoraji wa katuni wa Mwanza ndege huyu ni mtaji. Ana kipara, koti la kijivu lililokolea, miguu mirefu na sura ya mtu aliyekerwa. Mvishe viatu vya magurudumu, watu wanacheka kabla hujaandika neno. Lakini kazi hii imezungukwa na dhana ambazo wateja wanakuja nazo, na vijana wanaoanza kuchora wanazirithi bila kuhoji.

Dhana: Katuni ni katuni, mambo ya mifupa hayahusu.

Hii ndiyo inayoharibu michoro mingi kuliko nyingine zote. Mtu anaona kichwa kikubwa na macho yaliyotoka, anadhani kila kitu ruksa. Ruksa ni kutia chumvi, na chumvi inatiwa kwenye kitu kilichopo.

Mwangalie korongo anapojishusha kupumzika juani. Kile kiungo cha katikati ya mguu kinachopinda kwenda nyuma, karibu kila mtu anakiita goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na linapinda kwenda mbele kama langu na lako. Ndege anasimamia vidole, na sehemu ambayo kwetu ni wayo, kwake imesimama wima mpaka kwenye hicho kifundo.

Sasa mpandishe kwenye magurudumu. Mtelezaji yeyote hukunja miguu ili ajishushe, asiyumbe. Binadamu akikunja, magoti yanakwenda mbele. Korongo akikunja, kifundo kinarudi nyuma huku goti lililojificha likisogea mbele, na ndiyo maana kiwiliwili kinabaki juu ya vidole. Ukilisahau goti la juu, mguu unakuwa na kona moja tu na ndege anaonekana anakwenda chali, hata umwekee tabasamu la namna gani. Kwa hiyo chora kwanza kwa penseli nyepesi mguu wenye mikunjo miwili, kama herufi Z, kisha ufunike mkunjo wa juu kwa manyoya. Halafu dondosha mstari wima kutoka katikati ya kiwiliwili. Mstari ukitua kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, amesimama. Ukitua nje, huyo anaanguka, na kama kuanguka ndiko ulikokusudia, hongera. Akikata kona hesabu inabadilika: anainamia upande wa ndani wa kona, na mstari unatoka nje ya magurudumu kihalali.

Kuna suala la kiatu chenyewe. Kiatu halisi cha magurudumu hushika kifundo. Cha korongo kikitaka kushika kifundo chake, kitakuwa buti la nusu mguu. Wachoraji wengi wanakwepa kwa kumpa miguu ya binadamu, na wala si dhambi, ila hapo umebaki na mtu aliyevaa kinyago cha ndege. Mimi napenda kiatu kifupi kinachofunika vidole tu: kipana mbele kwa ajili ya vidole vitatu, na tundu dogo kisiginoni ambapo kile kidole cha nyuma kinachungulia. Watoto hukiona hicho kidole kabla ya kitu kingine chochote.

Dhana: Kiatu kina magurudumu manne, basi chora manne.

Inategemea kiatu gani na unakitazama kutoka wapi. Viatu vya mbili mbele na mbili nyuma vimekuwepo tangu 1863, pale James Plimpton wa Marekani alipobuni kiatu ambacho ekseli zake, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, zinacheza kidogo juu ya mipira, hivyo mvaaji anakata kona kwa kuinama tu. Kiatu hicho ukikichora kwa ubavu yanaonekana magurudumu mawili, mengine mawili yamejificha nyuma yake. Ukipanga manne kwa mstari umeshachora aina nyingine kabisa, ile ya safu moja. Breki nazo zinatofautiana: ile ya kwanza kwa kawaida ina kizuizi cha mpira mbele kwenye vidole, ya pili huwa nacho nyuma kisiginoni. Kwa korongo wetu safu moja inabana sana. Mbili kwa mbili inampa kituo kipana, na ule unene wa chini unachekesha juu ya mguu mwembamba.

Gurudumu likitazamwa kwa mshazari si duara tena, ni duaradufu, na upana wake mdogo hufuata mwelekeo wa ekseli. Ukikosea hapo, gurudumu linaonekana limelegea, na fundi baiskeli yeyote atakwambia beringi imekufa.

Dhana: Anateleza kama anavyokimbia.

Hapana. Anayekimbia anasukuma ardhi kwenda nyuma. Gurudumu haliwezi kazi hiyo kwa sababu linabingirika, kwa hiyo ukisukuma moja kwa moja nyuma mguu unakimbia wenyewe. Mtelezaji anageuza kiatu kikatazama nje, kisha anasukuma pembeni. Mguu mmoja umekunjwa na umebeba uzito wote, mwingine umenyooka ubavuni. Pozi hilo likiwa sahihi, mistari ya kasi nyuma yake inakuwa pambo tu, unaweza hata kuiacha. Likiwa si sahihi, jaza mistari ukurasa mzima, bado amesimama.

Dhana: Miguu yake ni myeupe, na ule mfuko wa shingoni ni wa kuhifadhi chakula.

Miguu ya korongo mfukoshingo ni ya rangi ya giza. Weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anajimwagia ili apoze mwili. Nao mfuko ni wa hewa, hauna uhusiano na samaki aliyemeza. Kwenye katuni nauacha uyumbe kwenda upande wa pili wa kona anayokata, unaonyesha kasi vizuri kuliko wino wowote. Miguu naichora myeupe vilevile, kwa sababu msomaji wa Mwanza ndivyo anavyomjua, ila namwachia mabaka meusi karibu na kiatu.

Dhana: Mandhari ni ya kujazia.

Gurudumu la kiatu hiki lina kipenyo cha kama milimita 60. Kokoto moja inatosha kulikamata. Sasa mteja anataka korongo ateleze juu ya miamba ya Capri Point, jiwe la Bismarck likionekana kwa nyuma! Kama kichekesho ni kwamba atapaa, sawa. Kama anatakiwa kuteleza kwa raha zake, mpe lami au zege. Daraja la Kigongo–Busisi, urefu wa kama kilomita 3 juu ya ghuba, linamfaa kabisa: chini tambarare, maji pande zote mbili, na anga la kutosha kwa shingo yake. Vilima vya Bugando na Mabatini viachie mchoro wa ajali.

Dhana: Ukishachora, unapiga picha na simu na kumrushia mteja.

Kwa kumwonyesha, sawa. Kwa kuchapa, hapana. Ukurasa wa A4 kwa vitone 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na WhatsApp hubana picha ikitumwa kama picha. Skani mchoro, utume kama faili (document). Na bluu ya ziwa inayong'aa kwenye kioo cha simu itafifia kwenye karatasi, kwa kuwa mashine inachanganya wino wa rangi nne wakati kioo kinatoa mwanga. Omba kipande cha majaribio kabla bango zima halijachapwa.